Moyo Ulioshonwa na Vipimo Vinavyodanganya

Kovu la katikati ya kifua likishapona, jamaa huhesabu kwamba kazi imekwisha. Mtoto alipelekwa India, Kigali, Nairobi au Ulaya, akarudi Bukavu, mji wetu wa mashariki ya Kongo, akiwa na pumzi, akasoma, akaoa au akaolewa. Miaka 20 au 25 baadaye anapimwa sukari kwa bahati tu, kwa sababu ya kidonda kisichofunga au ya mimba, na nyumba nzima inashangaa: “Si alitengenezwa moyo?” Alitengenezwa, ndiyo. Lakini ini, misuli, kongosho na kiuno vimeishi miaka yote hiyo na moyo wenye mshono, na vimebadilika navyo. Sisi tunaoishi na mioyo ya namna hiyo, pamoja na wanaotuhudumia, tumejifunza mengi kwa kuchelewa. Kubwa kuliko yote ni kwamba vipimo vinavyomfaa jirani, kwetu mara nyingi vinasema uongo, na kila uongo una sababu inayojulikana.

Kabla ya mizani na sindano, tafuta karatasi ya upasuaji. “Nilipasuliwa tundu la moyo” haitoshi. Tundu kati ya vyumba vya juu ni habari moja. Tundu kati ya vyumba vya chini ni nyingine. Tetraloji ya Fallot ni kasoro nne za moyo kwa pamoja. Aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, iliyobanwa ikakatwa na kuungwa, ina mambo yake. Na upasuaji wa Fontan, ambao damu ya mishipa inayorudi kutoka mwilini huelekezwa moja kwa moja kwenye mapafu bila chumba cha kuisukuma, ni maisha ya aina yake kabisa. Wengine walipasuliwa mara mbili: kwanza njia ya muda ya kupeleka damu mapafuni, kisha matengenezo yenyewe. Karatasi ikiwa imepotea, andikia hospitali iliyofanya kazi, taja mwaka na tarehe ya kuzaliwa, na ukiipata piga picha uiweke kwenye simu mbili. Tena angalia isiwe ni kovu la valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Hapa kwetu magonjwa hayo mawili huchanganywa kila siku, na dawa zake hazifanani.

Kwa nini sukari na mafuta? Sababu ya kwanza ni malezi, nasi tunaiweka mbele ya maradhi yenyewe. Mtoto aliambiwa “usikimbie, wewe ni wa moyo”, na maneno hayo yalikuwa ya kweli kwa miezi michache baada ya kifua kufunguliwa. Munganga aliyekataza hakurudi kufuta katazo lake. Marufuku ya miezi mitatu yakawa ya miaka thelathini: hakuna mpira, hakuna kuchota maji, na sahani inajazwa mara mbili kwa sababu “alikuwa amekonda sana”. Mtoto aliyekuwa na kilo pungufu akawa mtu mzima mwenye mapaja membamba na tumbo.

Misuli ndiyo ghala linalopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Ghala likiwa dogo, sukari hubaki barabarani. Hapo hapo ini linaingia kwenye hesabu: aliyetengenezwa Fallot mara nyingi hubaki na valvu ya mapafu inayovuja, chumba cha moyo cha upande wa kulia kinapanuka, na kikianza kuchoka damu inarudi nyuma na kulijaza ini. Ini lililojaa damu haliitii insulini vizuri, kwa hiyo linaendelea kumwaga sukari hata usiku. Moyo unaojitahidi pia huamsha homoni za dharura, zilezile zinazopandisha sukari mtu anapoogopa, isipokuwa hapa hofu haiishi. Dawa nazo zinachangia, tutafika huko. Watafiti wa Denmark, katika kazi iliyotolewa 2016, walikuta kwamba waliozaliwa na kasoro ya moyo, wakishavuka miaka 30, wana hatari ya kisukari cha aina ya pili takriban mara 1.4 ya wenzao, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliozaliwa na kasoro zinazoweza kuugeuza mwili buluu.

Sasa mizani. Mtu wa mita 1.65 na kilo 60 ana uwiano wa uzito na urefu wa 22, namba nzuri kabisa kwenye bango la kliniki. Kwetu namba hiyo inaweza kuficha mambo mawili: misuli michache na mafuta mengi yakikaa chini ya uzito mmoja, au maji. Ndiyo maana tunapima vitu vitatu, si kimoja. Uzito asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, nguo zilezile, mizani ileile juu ya sakafu ngumu. Mizani iliyowekwa juu ya zulia au udongo huweza kusoma vibaya. Kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Kisha kidole gumba kwenye mfupa wa muundi, bonyeza kwa sekunde 10, uangalie kama shimo linabaki.

Kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 si mafuta. Hakuna mtu anayenenepa hivyo kwa fufu. Ni maji, na dawa yake ni kumwona daktari siku hiyo, si kufunga kula. Mafuta huja polepole, nusu kilo kwa mwezi, bila shimo kwenye muundi. Kosa tunaloliona zaidi ni mtu kufurahi kwamba “mwili umerudi” wakati ni miguu inayovimba. Na kosa la upande wa pili ni mtu kuongezewa dawa ya kukojoza kwa sababu ya tumbo ambalo ni mafuta matupu. Kwa kiuno, mpaka unaotumika kwa Afrika kusini ya Sahara ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Mipaka hiyo iliazimwa kwa Wazungu kwa kukosa takwimu za kwetu, kwa hiyo tunaiangalia kama alama ya barabarani, si hukumu. Mwenye Fontan ambaye tumbo lake limejaa maji asipimwe kiuno kabisa. Namba yake haina maana.

Presha ina uongo wake. Aliyetengenezwa aota iliyobanwa apimwe mkono wa kulia. Upasuaji wa zamani mara nyingi ulitumia mshipa wa mkono wa kushoto kuziba pengo, kwa hiyo mkono huo husoma chini, mtu akaambiwa “uko sawa” huku kichwa na figo vikipigwa na presha halisi. Lakini aliyewahi kuwekewa ile njia ya muda ya mtindo wa zamani, ambapo mshipa wa mkono wenyewe ulikatwa na kuunganishwa na wa mapafu, mambo yanageuka: mkono wa upande ule ndio unaodanganya, na mara nyingi ni wa kulia. Jibu ni kupima mikono yote miwili mara ya kwanza, kisha mguu mmoja, na kuandika. Mguu kwa kawaida haupungui mkono. Tofauti ya 20 au zaidi, mguu ukiwa chini, inamaanisha aota imebanana tena, na hapo suala si kubadilisha dawa bali kupiga picha ya aota. Presha ya waliopasuliwa aota hupanda hata mshono ukiwa mzuri, kwa hiyo “ilishatengenezwa” si sababu ya kuacha kupima.

Tufike kwenye sukari, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotezwa.

Sukari ya asubuhi bila kula peke yake haitoshi. Kwetu ini na kongosho huweza kushikilia namba ya asubuhi vizuri, 88 au 95, halafu mlo ukishaingia zinashindwa. Watafiti wa Japani waliowanywesha glukosi watu wazima wenye kasoro ngumu za moyo walikuta matatizo ya sukari kwa wengi, wengine wakiwa bado vijana. Kwa hiyo tunaomba kipimo cha kunywa glukosi, ingawa kinachosha na maabara nyingine hazikipendi. Kwa siku tatu kabla, kula kawaida, fufu na wali vikiwemo. Aliyekuwa akijinyima wanga hupata jibu la uongo la juu. Usiku kabla, acha kula saa 8 hadi 14, maji yanaruhusiwa. Asubuhi damu ya kwanza hutolewa, kisha gramu 75 za glukosi isiyo na maji kwenye mililita 250 hadi 300 za maji, ziishe ndani ya dakika 5. Kama unga ni ule wenye maji ndani yake, ni gramu 82.5. Halafu kukaa kitini saa 2 kamili, bila kutembea, bila sigara, na damu ya pili.

Hapo panaharibika mambo mengi. Glukosi imekwisha, mtu anapewa sukari ya mezani: sukari hiyo nusu tu ni glukosi, kwa hiyo jibu litakuwa zuri kwa uongo. Au mtu anatumwa “nenda kashughulike, urudi”, anapanda hadi Kadutu, mtaa wa juu mlimani, na kushuka, misuli inakula sukari yote, jibu zuri tena. Na kubwa zaidi ni mrija. Damu iliyobaki kwenye mrija wa kawaida huendelea kula sukari yake yenyewe, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la chumba. Umeme ukikatika, mashine ikisubiri jenereta saa 3, sukari ya 130 inasomwa 110 na mtu anatumwa nyumbani akiwa na furaha. Omba mrija wenye kifuniko cha kijivu, uwekwe kwenye baridi, upimwe mapema. Hakuna aibu kuuliza kwa adabu: “Yaya, hii damu itapimwa saa ngapi?”

Mipaka ni hii: asubuhi bila kula, 100 hadi 125 ni tahadhari, 126 na kuendelea ni kisukari, saa 2 baada ya glukosi, 140 hadi 199 ni tahadhari, 200 na kuendelea ni kisukari. Zote ni miligramu kwa desilita. Mtu asiye na dalili arudie siku nyingine kabla ya kupewa jina la ugonjwa.

Na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu? Mpaka wake wa tahadhari ni asilimia 5.7, wa kisukari 6.5. Ni kizuri pale chembe nyekundu zinapoishi umri wao wa kawaida. Lakini valvu ya chuma au mvujo mkali pembeni ya kiraka kilichoshonwa moyoni huweza kuzisaga chembe, malaria huzivunja, na kuongezewa damu huleta chembe za mtu mwingine. Zote hizo hushusha jibu au kulivuruga. Ukosefu wa madini ya chuma hulipandisha. Tena kwetu wapo wengi wenye nusu ya selimundu (wamerithi kwa mzazi mmoja tu, hawaugui) bila kujua, na mashine nyingine huisoma vibaya. Kwa aliyebaki na rangi ya buluu, ambaye damu yake ni nzito na mara nyingi haina chuma cha kutosha, sisi hatukiamini kipimo hicho peke yake.

Glukomita ya kidole nayo: damu nzito huifanya isome chini ya ukweli, damu pungufu huifanya isome juu. Mikono iliyomenya nanasi au ndizi huongeza sukari isiyokuwemo kwenye damu. Osha kwa maji na sabuni, kausha, futa tone la kwanza, tumia la pili. Vijiti vilivyoachwa kopo wazi huharibika kwa unyevu wa masika.

Kwenye mafuta ya damu tutapita haraka. Trigliseridi (mafuta yanayosafiri kwenye damu) kuanzia 150, HDL (kolesteroli nzuri) chini ya 40 kwa mwanaume au 50 kwa mwanamke: hizo mbili, ukizijumlisha na kiuno, presha kuanzia 130 kwa 85 na sukari ya asubuhi kuanzia 100, ndizo alama tano, tatu kati yake zikikutana, mshipa wa moyo uko hatarini hata kama kiraka ni kizima. Angalizo moja tu. Mwenye Fontan au mwenye ini bovu akipata kolesteroli ya chini sana asipongezwe. Ini linashindwa kuitengeneza, au utumbo unavujisha protini. Akiwa pia na kuhara na miguu inayovimba, apimwe albumini, protini kuu ya damu.

Dawa. Furosemidi na zile za kukojoza za kundi la tiazidi huondoa potasiamu, na kongosho bila potasiamu ya kutosha haitoi insulini vizuri. Anayezimeza apimwe potasiamu. Kubana kwa misuli ya shavu la mguu usiku ni dalili ya kuuliza. Lakini anayetumia spironolaktoni, dawa nyingine ya kukojoza, asijazwe ndizi na maji ya nazi kwa ushauri wa jirani, kwa sababu dawa hiyo huishikilia potasiamu, na potasiamu nyingi husimamisha moyo. Propranololi na ndugu zake, dawa za kupunguza mapigo ya moyo, huongeza kilo chache na, kwa anayetibiwa kisukari, huficha kutetemeka na mapigo ya haraka sukari ikishuka. Jasho halifichiki. Jasho la baridi lisilo na sababu: pima, au kunywa maji ya sukari kwanza uulize baadaye. Amiodaroni, dawa ya mapigo yasiyo na mpangilio, huchezea tezi ya shingo upande wowote, kunenepesha au kukondesha, kwa hiyo tezi hupimwa kabla ya kuanza na kila miezi 6. Metformini, kidonge cha kisukari, wengi wetu huivumilia, ila husimamishwa figo zikichoka, ini likiharibika, au ukiwa na kuhara na kutapika kwa kweli. Vidonge vya kisukari vya kundi la glitazoni huleta maji mwilini; mwenye moyo dhaifu asivikubali.

Barabara zikifungwa dawa hupotea sokoni. Weka akiba ya wiki mbili, na usiache propranololi ghafla hata siku moja.

Chakula cha hapa si adui kama watu wanavyodhani. Fufu la muhogo ni wanga mtupu: donge la ukubwa wa ngumi yako linatosha, si la ukubwa wa ngumi ya mjomba. Sambaza, samaki aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni protini nzuri kabisa akikaushwa juani na kupikwa kwenye nyanya. Akizamishwa kwenye mafuta anageuka kitu kingine. Mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko, si kwa kumimina: kijiko kimoja cha mezani ni kalori kama 120. Makayabu, samaki wa chumvi, yalowekwe usiku mzima, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, na vile vipande vya kukolezea mchuzi viachwe, kwa sababu chumvi ya siku nzima haitakiwi kuzidi gramu 5, yaani kijiko cha chai. Chupa ya soda ya sentilita 33 ina gramu kama 35 za sukari. Hiyo tunaiondoa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Wenye valvu ya chuma wana mtego wao. Anayetumia asenokumaroli au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, akiamua kupunguza tumbo kwa kula sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) tu, vitamini K inapanda, damu inaganda, na valvu inaweza kukwama. Akiacha mboga zote, damu inakuwa nyepesi mno. Kiasi kiwe kilekile kila wiki. Ukitaka kukibadilisha, pima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ndani ya wiki hiyo hiyo. Mizizi ya “kupunguza tumbo” inayouzwa kwenye chupa haina kipimo, na mingi hukojoza au huharisha.

Kisha kuna kufunga na kuomba. Siku tatu kavu, bila maji, furosemidi ikiendelea kumezwa: tumeona miguu ikikosa nguvu na watu wakianguka kanisani. Kwa mwenye Fontan ni hatari zaidi, maana damu yake hupita mapafuni kwa msukumo wa ujazo tu, na ujazo ukipungua hakuna chumba cha kuokoa. Wachungaji wengi wakielezwa hukubali mfungo wa chakula kimoja huku maji na dawa vikiendelea. Mwambie mchungaji kabla ya siku, si katikati ya ibada.

Misuli hupimwa kwa kiti. Mikono ikunjwe kifuani, simama na kukaa mara 5. Ikizidi sekunde 15, nguvu ni ndogo, hata kama mizani inasifu. Mazoezi yake ni hayohayo: mara 8, pumzika dakika mbili, rudia mara tatu, siku tatu kwa wiki, pumzi ikitolewa wakati wa kusimama. Kubana pumzi ndiko tunakokataa, kwa hiyo bidoni la lita 20 kwa mkono mmoja hapana. Mawili ya lita 5, moja kila mkono, kwa wengi inawezekana. Kutembea kufikie dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Kuzimia, mapigo yasiyo na mpangilio au maumivu ya kifua ukiwa njiani ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali, na aliye na aota iliyopanuka aulize kwanza kabla ya kuanza lolote.

Bukavu ina shida yake, kwamba hakuna tambarare ndefu nje ya kando ya ziwa. Anayekaa chini, Nguba au Muhumba, aanze kwa kupanda na kurudi kwa kushuka, uchovu umkute akielekea nyumbani. Anayekaa juu Kadutu hali yake ni kinyume: miguu inashuka kwa raha, na mlima unamsubiri akiwa amechoka tayari. Huyo ageuke robo ya njia wiki za mwanzo, au ashuke kwa miguu na kupanda kwa moto (pikipiki), na abaki na nauli mfukoni.